Oganiki isiyo ya samadi: kaboni inayowasha kioo cha simu yako

Mpwa wangu aliangusha simu kwenye ngazi, haijamaliza hata mwezi mkononi mwake. Akaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na fundi akamtajia bei mbili za kioo cha simu ileile, moja karibu mara tatu ya nyingine. "Hiki Incell, hiki OLED. Vyote vinawaka." Kijana akapima mfuko wake, akachukua cha bei ya chini. Kikawaka kweli. Lakini usiku, taa zimezimwa, akaona ule weusi aliouzoea umegeuka kijivu kama ubao wa darasani uliofutwa vibaya, na akiweka kidole kwenye kioo simu haifunguki tena.

Akaingia mtandaoni kutafuta tofauti, akarudi kwangu amechanganyikiwa zaidi. "Mjomba, wanasema ile O ya OLED ni oganiki. Oganiki si ule mchicha wa samadi unaouzwa ghali supamaketi?"

Swali si la kucheka. Nimewahi kumsikia muuzaji wa televisheni akimhakikishia mteja kwamba OLED haiumizi macho kwa sababu "ni ya asili, haina kemikali". Mteja akaitikia kwa kichwa. Mimi nikanyamaza, na nimekuwa nikijilaumu tangu siku hiyo. Haya ndiyo niliyopaswa kusema.

Oganiki ya mkulima na oganiki ya mkemia

Sokoni, oganiki ni namna ya kulima: bila mbolea ya kiwandani, bila sumu za kupulizia. Kwa mkemia neno hilo halina habari na shamba. Linataja ukoo mkubwa wa vitu ambavyo mifupa yake ni atomu za kaboni zilizoshikana, aghalabu zikiwa zimezungukwa na hidrojeni. Sukari imo, petroli imo, mfuko wa plastiki umo, na vidonge vya kutuliza maumivu vimo.

Mkanganyiko una umri wa miaka mia mbili. Zamani wakemia waliamini kwamba vitu vinavyopatikana ndani ya viumbe haviwezi kutengenezwa na binadamu, kwa sababu vinahitaji nguvu fulani ya uhai. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akatengeneza urea maabara kutokana na chumvi iliyohesabiwa kuwa si ya viumbe, wakati urea ilijulikana kama kitu cha kwenye mkojo. Imani ile ikaanza kubomoka, lakini jina likabaki. Na urea hiyohiyo ndiyo iliyomo leo kwenye mifuko ya mbolea ya dukani. Mkulima wa kilimo hai anaikataa kwa kuwa si oganiki, na mkemia anaihesabu miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa vya kemia oganiki. Hakuna aliyekosea, ila wanaongea lugha mbili.

Kwa hiyo vilivyomo ndani ya kioo cha OLED haviozi kama mchicha, havikuvunwa popote, na vimetengenezwa viwandani kwa kemia ngumu sana. Kuanzia hapa nitaviita nusu-vipitishi vya kaboni, ili samadi isiturudie.

Nusu-kipitishi ni nini, tena?

Kata waya wa umeme wa nyumbani uutazame kwa ubavu (umeuchomoa kwanza, tafadhali). Ndani kuna shaba, na shaba ni kipitishi: elektroni, vile vichembe vinavyobeba umeme, zinatembea humo bila kuomba ruhusa. Nje kuna plastiki, nayo ni kihami: elektroni zake zimebanwa, hazendi popote, ndiyo maana unaushika waya na hufi.

Nusu-kipitishi kiko katikati, lakini jina lake linapotosha kidogo. Sifa yake si kupitisha umeme nusunusu kama bomba lililoziba. Sifa yake ni kwamba unaweza kukiamuru. Kitie volti kidogo, kimulike mwanga, au kichanganye na chembe za kitu kingine, na kilichokuwa kinazuia kinaanza kupitisha. Ni geti lenye mlinzi. Shaba ni barabara isiyo na geti, plastiki ni ukuta usio na mlango. Kompyuta, redio, chaja na taa za LED zote zimejengwa juu ya mageti ya namna hiyo, na kwa zaidi ya nusu karne kitu kilichotawala ujenzi huo ni silikoni, ambayo tunaipata kwenye mchanga na mawe.

Sasa utaona ugumu ulipo. Vitu vya kaboni tunavyovijua zaidi ni plastiki, na plastiki ndiyo tunayovalisha waya ili umeme usitoke. Kaboni itapitishaje umeme?

Mawese na karoti

Atomu ya kaboni ina mikono minne ya kushikana na wenzake. Katika mfuko wa plastiki kila mkono umeshika mwenzake mmoja, umebana, na elektroni zilizo katikati ya mikono hiyo zimefungwa hapohapo.

Lakini kaboni zinaweza pia kushikana kwa zamu: hapa kiungo kimoja, hapa viwili, hapa kimoja, hapa viwili, mnyororo mzima. Hapo elektroni za vile viungo vya ziada hazina mwenyewe. Zinakuwa mali ya ukoo, zinatanda kwenye mnyororo wote. Chimbuko la habari yetu nzima ni zamu hiyo.

Ushahidi wake huuoni kwa darubini, unauona jikoni. Rangi nyekundu ya mawese ya Kigoma na rangi ya karoti zinatokana na molekuli zenye zamu hiyo. Karotini ya kwenye karoti ina viungo pacha 11 vilivyopangwa hivyo. Elektroni zilizotanda namna hiyo hunasa mwanga tunaouona kwa macho, na sehemu ya mwanga isiyonaswa ndiyo inayotufikia kama rangi. Mafuta meupe ya kupikia hayana molekuli hizo za kutosha, ndiyo maana hayana rangi. Ukikumbuka jambo moja tu katika makala hii, likumbuke hili: molekuli za kaboni zinazocheza na umeme kwa kawaida ndizo zinazocheza na mwanga. Kioo cha simu, paneli ya sola na mashine ya fotokopi vyote vinaishi kwa urafiki huo.

Kwamba mnyororo wa aina hiyo unaweza kupitisha umeme kwa nguvu kulijulikana kwa kosa. Mwaka 1967, katika maabara ya Hideki Shirakawa mjini Tokyo, mtafiti mgeni alikuwa anatengeneza plastiki iitwayo poliasetilini, na akatia kichocheo mara elfu moja ya kipimo kilichotakiwa. Badala ya unga mweusi wa kawaida, juu ya kimiminika ukatokea utando unaong'aa kama karatasi ya fedha. Miaka kadhaa baadaye Alan MacDiarmid, mkemia kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alipotembelea Tokyo alionyeshwa utando ule, akamwalika Shirakawa Marekani. Pamoja na mwanafizikia Alan Heeger wakaufukiza kwa mvuke wa iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara milioni 10. Walitangaza matokeo mwaka 1977, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Iodini ilifanya nini? Fikiria daladala ya saa kumi na mbili jioni, imejaa hadi mlangoni. Konda anapiga kelele "sogeeni nyuma", lakini hakuna anayesogea kwa sababu hakuna pa kusogea. Abiria mmoja akishuka, mtu wa jirani anachukua nafasi yake, wa nyuma yake anachukua ya huyo, na ghafla gari zima lina mwendo. Iodini inanyakua elektroni chache kutoka kwenye mnyororo. Inawashusha abiria.

Nauli ya mkono kwa mkono

Ndani ya molekuli moja elektroni inatembea vizuri. Tatizo ni kuvuka kutoka molekuli moja kwenda nyingine.

Silikoni ni kama ukuta wa zege: kila atomu imeshikwa na jirani zake kwa viungo imara, kipande kizima ni jengo moja. Ndiyo maana huyeyuka kwa nyuzijoto 1,414, na ndiyo maana elektroni hupita humo kama gari kwenye lami. Nusu-vipitishi vya kaboni ni kama mchele kwenye gunia. Kila punje ni ngumu kivyake, lakini punje na punje zinagusana tu. Elektroni ikifika mwisho wa molekuli lazima iruke. Ni sawa na nauli ya abiria wa kiti cha nyuma, inayopita mkono kwa mkono hadi kwa konda: inafika, ila kila mkono unachukua muda wake, na anayesinzia anakwamisha wote. Kwa mwendo huo, elektroni kwenye vitu hivi huenda taratibu mara mia na zaidi kuliko kwenye silikoni safi.

Mwandishi wa matangazo angeishia kwenye uzuri, mpinzani angeishia kwenye ubaya. Mimi naona vyote viwili vimetoka kwenye ulegevu mmoja. Kwa kuwa molekuli zimeshikana kilegevu, unaweza kuzigeuza mvuke kwa joto la nyuzi mia chache tu na kuzitandaza juu ya kioo au plastiki. Nyingine unaziyeyusha na kuzichapa kama wino wa gazeti. Utando wake ni mwembamba na unapinda. Lakini kwa ulegevu huohuo umeme unakwenda polepole, na hewa na unyevu vinapenya na kuharibu. Ukijua hilo, unaweza mwenyewe kubashiri wapi vitafaa: mahali panapotaka utando mpana, mwembamba na laini, si mahali panapotaka mbio.

Umevitumia tangu enzi za kutoa kopi ya cheti

Watu wengi wakisikia habari hizi wanadhani ni teknolojia ya juzi. Ingia stationery yoyote iliyo jirani na ofisi ya serikali au chuo. Siku fundi anapofungua mashine ya fotokopi, utamwona akitoa silinda inayong'aa, mara nyingi yenye rangi ya kijani au buluu, halafu haraka anaifunika kwa kitambaa au gazeti. Wenyewe wanaiita dramu, na mwenye duka anakuombea mabaya ukiigusa kwa kidole. Kwenye mashine nyingi, utando ulio juu ya dramu hiyo ni nusu-kipitishi cha kaboni.

Kazi yake ni hii. Gizani utando ni kihami, na mashine inaujaza chaji ya umeme juu yake. Picha ya karatasi yako inamulikwa juu ya dramu: penye weupe mwanga unagonga, utando unageuka kipitishi na chaji inakimbia, penye maandishi pana giza, chaji inabaki. Wino wa unga unanasa penye chaji, unahamia kwenye karatasi, unachomwa na joto, na unapokea kopi yako ikiwa bado ya moto. Mashine za kisasa na printa za leza zinachora kwa mwale wa leza badala ya kumulika karatasi, lakini ujanja wa dramu ni uleule. Ndiyo maana fundi anaifunika: mwanga mwingi unaichosha.

Mashine za mwanzo zilitumia selenia, ambayo si kitu cha kaboni. IBM ilitoa mashine ya kunakili yenye utando wa kaboni mwaka 1970, na baada ya hapo vitu vya kaboni vilichukua soko kwa kuwa ni rahisi kutandaza na bei yake ni nafuu. Kwa hiyo huenda kopi ya cheti chako cha kuzaliwa ilipita juu ya nusu-kipitishi cha kaboni kabla hujajua simu ni nini.

Sasa turudi kwenye kioo

Kwamba umeme unaweza kuitoa molekuli ya kaboni mwanga kulijulikana miaka ya 1960, ila kwa volti mamia, na hakuna atakayeweka volti mamia mfukoni. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, wakaonyesha kwamba ukipanga tando mbili tofauti, jumla ya unene wake chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, unapata mwanga mkali wa kijani kwa volti chini ya 10. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakafanya hivyo kwa plastiki. Mwaka 1997 kampuni ya Pioneer ikaweka kioo cha namna hiyo kwenye redio ya gari. Mengine unayajua: simu za Galaxy S za 2010, iPhone X ya 2017, na leo hata simu za bei ya kati.

Kwa nini tando mbili? Hapa nakupeleka zahanati. Wagonjwa wamekaa kwenye benchi refu wakisubiri daktari. Wa kwanza akiingia, wa pili anasogea, wa tatu anasogea, na ile nafasi tupu inatembea kuelekea nyuma ya benchi. Watu wanakwenda mbele, tundu linakwenda nyuma. Wanafizikia wanaihesabu nafasi hiyo tupu ya elektroni kama kitu kinachotembea chenyewe. Kwenye OLED upande mmoja unaingiza elektroni, upande wa pili unaingiza matundu. Kila utando umechaguliwa ili uwe mwepesi kwa mmoja wao, na wakutane katikati. Elektroni ikitumbukia kwenye tundu, nguvu iliyokuwa nayo inatoka kama mwanga. Rangi inategemea molekuli uliyoweka hapo.

Kuna hasara moja iliyowasumbua watafiti. Elektroni na tundu hukutana kwa namna nne, na katika molekuli za kawaida namna moja tu ndiyo inayotoa mwanga; tatu zinaishia kuwa joto. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba ukipachika atomu nzito ya metali katikati ya molekuli, hata zile tatu zinalazimika kung'aa. Kwanza ilikuwa platini, kisha iridiamu ikatia fora, na sehemu kubwa ya iridiamu ya dunia inachimbwa Afrika Kusini. Nyekundu na kijani vya simu yako vina uwezekano mkubwa wa kuwaka kwa njia hiyo. Buluu ni mkaidi. Mwanga wake unabeba nguvu nyingi zaidi, nguvu inayotosha kuivunja molekuli yenyewe inayoutoa, kwa hiyo buluu inachoka kabla ya wenzake.

Uchovu huo ndio watu wanaouita kioo kuungua. Televisheni ya OLED ikikaa kwenye kituo kimoja cha habari kutwa nzima, miezi nenda rudi, nembo ya pembeni inabaki kama kivuli hata ukibadilisha kituo. Hakuna kilichoungua kwa moto. Pikseli za pale, yaani vinukta vya mwanga vinavyounda picha, zimefanya kazi zaidi ya jirani zake, zimezeeka mapema. Mwenye banda la mpira ambaye ubao wa matokeo uko kona ileile kila wikendi, namshauri anunue televisheni ya LCD, ile isiyo na pikseli za kaboni, hata kama jirani yake atamringia.

Na lile doa jeusi linaloanzia kwenye ufa na kusambaa siku hadi siku mpaka linakula nusu ya kioo? Watu husema wino umemwagika. Kwenye OLED hakuna wino wala kimiminika chochote. Kioo kimezibwa pembe zote ili hewa isiingie. Ufa ukifungua njia, oksijeni na unyevu vinaingia na kuziua tando za kaboni hatua kwa hatua. Ukiona doa limeanza, hamisha picha na namba zako leo, usisubiri mwisho wa mwezi.

Yule fundi hakudanganya aliposema vyote vinawaka. Incell ni kioo cha LCD. Kina taa moja nyeupe nyuma, na mbele yake vifunga-fungua vidogo vinavyoziba au kuachia mwanga. Hata vikiziba, mwanga kidogo unavuja, ndiyo maana weusi unakuwa kijivu. Kwenye OLED kila pikseli ni taa ya peke yake. Nyeusi maana yake imezimwa. Na kitambuzi cha kidole kilicho chini ya kioo, kile cha kutumia mwanga, kinahitaji kuona kupitia kioo chenyewe. OLED inaruhusu, ile taa ya nyuma ya LCD inakiziba macho.

Ukitaka kukagua kabla ya kulipa, fungua picha nyeusi tupu, ongeza mwangaza wote, kisha ufunike simu kwa viganja au uingie nayo chini ya meza ya fundi. Ikitoa weupeweupe, hiyo ni LCD, hata kama boksi limeandikwa vingine.

Hapohapo ndipo inapojibiwa ile hoja ya kuweka simu kwenye hali ya giza ili chaji idumu. Kwa LCD ni mapambo tu, taa ya nyuma inawaka vilevile. Kwa OLED inasaidia, lakini inategemea mwangaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walipopima programu maarufu za simu mwaka 2021 walikuta kwamba ukiwa na mwangaza wa asilimia 30 hadi 50, hali ya giza inaokoa asilimia 3 hadi 9 tu ya umeme. Ukiwa na mwangaza wote, asilimia 39 hadi 47. Dereva wa bodaboda anayetazama ramani juani atafaidi. Anayesoma kitandani atafaidi kidogo.

Kwenye televisheni, herufi zimepangwa kana kwamba mtu alitaka uchanganyikiwe. "LED TV" ni LCD yenye taa za LED nyuma. "QLED" nayo kwa kawaida ni LCD, imeongezewa chembe ndogo za kusafisha rangi. "OLED" peke yake ndiyo yenye pikseli za kaboni zinazojiwakia. Q na O zinatofautiana kwa mkia mdogo tu, angalia mkia. Na kuhusu macho, mwanga hauwi mpole kwa sababu umetoka kwenye kaboni.

Sola ya kubandika

Kama umeme unaitoa molekuli mwanga, mwanga nao unaweza kuitoa umeme. Tang yuleyule wa Kodak alikuwa amechapisha mwaka 1986 seli ya sola ya tando mbili za kaboni. Ilibadilisha takriban asilimia 1 ya mwanga kuwa umeme, kiwango cha kumkatisha mtu tamaa.

Ugumu uko hapa: mwanga ukigonga molekuli, elektroni na tundu lake vinazaliwa vimekumbatiana, na pacha hao hawasafiri mbali kabla ya kufa. Wanatenganishwa mpakani tu, pale aina mbili za molekuli zinapogusana. Ukizipanga kama wali chini na maharage juu, pacha wengi hawafiki mpakani. Dawa iliyopatikana miaka ya 1990 ni kupika kande: changanya aina zote mbili mpaka kila punje ya hindi iwe na haragwe karibu. Leo seli ndogo za maabara zinafika takriban asilimia 20.

Je, usubiri hizo badala ya kununua paneli? Hapana. Paneli ya silikoni ya dukani inafika asilimia 20 na zaidi ikiwa kwenye paa halisi, si kwenye seli ya ukubwa wa ukucha, na nyingi huuzwa na dhamana ya utendaji ya miaka 25. Utando wa kaboni haujafikia uvumilivu huo, hasa kwa jua na unyevu kama wetu wa pwani. Unapofaa ni pale paneli ya kilo 20 haiwezi kukaa: ukuta mwembamba, hema, dirisha la rangi. Pavilioni ya Ujerumani kwenye maonyesho ya Milano mwaka 2015 ilikuwa na miti ya sola ya aina hii. Na huhitaji kwenda Ulaya kuiona: jengo la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika kule Addis Ababa, lile lenye jina la Mwalimu Julius Nyerere, lina moduli za kaboni za buluu zinazopenyeza mwanga, zimepangwa kwa umbo la bara la Afrika.

Haiji kuchukua kazi ya silikoni

Kila baada ya miaka michache kunatokea kichwa cha habari kwamba kompyuta ya plastiki imekaribia. Kishawishi hicho kiliwahi kuzaa kashfa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jan Hendrik Schön wa Bell Labs, Marekani, alikuwa akichapisha maajabu mfululizo kuhusu transista (yale mageti madogo ya umeme) za molekuli za kaboni, hadi wenzake walipogundua kwamba grafu za majaribio tofauti zinafanana mpaka kwenye vikwaruzo. Kamati ya uchunguzi ikatoa ripoti Septemba 2002: data zilipikwa. Makala zake kadhaa katika majarida makubwa ya sayansi zikafutwa. Waliopoteza zaidi ni vijana wa maabara nyingine waliokuwa wamekesha wakijaribu kurudia kisichokuwepo.

Hata bila uongo, hesabu ya nauli ya mkono kwa mkono inakataa. Chipu inahitaji mbio. Ninapoona matumaini ya kweli ni mwilini. Neva na misuli yetu huwasiliana kwa ioni, yaani chembe za chumvi zenye chaji ndani ya maji. Silikoni ngumu haiielewi lugha hiyo vizuri, lakini baadhi ya plastiki za kaboni ni laini, zinalowana, na zinabeba ioni na elektroni kwa pamoja. Watafiti wanazitumia kutengeneza vitambuzi vya kubandika kwenye ngozi na vya kusikiliza ubongo.

Mpwa wangu hatimaye alikusanya hela akarudisha kioo cha OLED, na kidole kikafanya kazi. Juzi alikuja na swali jipya, safari hii kuhusu simu za kukunja: ikiwa kioo kinakunjika, kwa nini simu nzima isikunjwe kama leso? Nikamwambia atazame mahali inapokunjika. Katikati kuna utando wa plastiki wenye pikseli za kaboni, na nyuma yake transista nyembamba za silikoni zinazoipa kila pikseli amri, nyembamba kiasi kwamba nazo zinapinda. Chipu na betri vimekaa kwenye nusu mbili zilizonyooka, na bawaba katikati. Akaifungua na kuifunga simu ya rafiki yake mara kumi hivi, akiangalia lile kovu la katikati, mpaka mwenyewe akainyakua.